Mita Ikisoma Moja kwa Moja, Usishangilie Bado

Asanteni kwa kunikaribisha. Najua wapo waliokuja wakitarajia michoro ya antena za ajabu ajabu. Sina mchoro hata mmoja. Nina kichanganuzi hiki cha kupimia antena, kipande cha kebo kuukuu, na ugomvi wa siku nyingi na mita ya SWR, ile namba inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kutoka kwenye antena: 1 maana yake hakuna kinachorudi. Sisi wa redio ya ridhaa tumeifanya mita hii kuwa hakimu. Ikisoma 1.1 tunapeana mikono, ikisoma 2 tunapanda juu na koleo. Lakini haipimi kama antena inarusha. Inapima tu kama kinachoonekana pale ilipochomekwa kinafanana na omu 50, ukinzani ambao redio na kebo zetu zimetengenezewa.

Fikirini mzigo bandia, ule mkebe wenye rezista ya omu 50 ndani. Uungeni kwenye transmita: mita itasoma moja kwa moja, yaani 1:1, bendi baada ya bendi, wala hakuna atakayewasikia. Nguvu yote imekuwa joto.

Mtasema huo ni mzaha, nani atatundika mkebe juu ya mlingoti? Mimi nilitundika, bila kujua. Nilikuwa na dipole, antena ya waya mbili zinazoungana na kebo katikati, ya megahezi 7. Kwa wasiozoea hesabu yake: gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa 7.1 ni kama mita 20, yaani 10 kila upande. Waya ulio na ganda hutaka ufupi kidogo, lakini ukate mrefu kwanza, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Basi dipole ile siku za mwanzo ilisoma 1.3 katikati ya bendi na kupanda kuelekea kingo, kama inavyotakiwa. Baada ya misimu miwili ya mvua ikawa inasoma 1.7 popote, katikati, kingoni, hata nje ya bendi. Nikafurahi! Nikawaambia wenzangu antena yangu imepanuka. Wao wakanijibu kwamba wananisikia kama mtu aliye chini ya kisima.

Nilipopanda nikakuta waya uliounganishwa na uzi wa kati wa kebo umeng'oka kwenye lehemu. Hapakuwa na antena ya kuzungumzia. Na kile kiungio cha juu, ambacho nilikizungusha utepe wa kawaida tu, kilikuwa kimeingiza maji na kebo yote imelowa ndani. Sasa tazameni hesabu. Kebo ilikuwa inakula desibeli 6, yaani robo tatu ya nguvu. Nikirusha wati 100, zinafika juu 25. Juu hakuna pa kwenda, zinageuka karibu zote. Njiani kurudi zinaliwa tena, zikifika chini zimebaki kama 6. Mita inaona 100 zikienda na 6 zikirudi, inapiga hesabu yake kwa uaminifu kabisa, inasema 1.7. Kebo mbovu ndiyo iliyonisafishia SWR.

Kwa hiyo SWR iliyopanda ni habari, na iliyoshuka bila wewe kugusa kitu ni habari kubwa zaidi.

Antena ya wima ina mtego wa namna hiyo hiyo. Robo ya wimbi juu ya ardhi bora kabisa ina kama omu 36. Mtu anaisimamisha na waya mbili tatu chini, anapima, anakuta 50 kamili. Omu 14 za ziada zimetoka wapi? Ni udongo, unapashwa moto kwa nguvu yake. Mwenzake anamshauri atandaze waya nyingi zaidi ardhini, anatandaza, SWR inapanda hadi 1.4, na mwenyewe anazing'oa akisema zimemharibia. Zimemtengenezea! Kwanza alikuwa anarusha asilimia 72 tu ya nguvu yake, sasa anarusha karibu yote. Ile 1.4 inarudisha chini ya asilimia 3, tena si kwamba imepotea: ukiwa na kifaa cha kulinganisha antena na redio (tuner) inageuzwa kupanda tena, na kinachopungua ni kile kebo inachokula kila safari.

Nikae kidogo kwenye jambo ninalolipenda, mkondo wa tatu. Kwenye masafa yetu mkondo hutembea kwenye ngozi ya shaba, haupenyi ndani. Basi wavu wa kebo, ule wa shaba unaouzunguka uzi wa kati, japo ni mmoja, una nyuso mbili zisizojuana: ya ndani na ya nje. Ndani mambo ni sawa, mkondo wa uzi wa kati na wa uso wa ndani wa wavu unalingana na kupingana. Unapofika kwenye dipole, ule wa wavu unakuta njia mbili: kuingia kwenye waya wake, au kugeuka na kushuka kwa nje ya kebo hadi mezani kwako. Sehemu yake hushuka. Ndipo maikrofoni inakuuma mdomo, kompyuta inazima yenyewe, na kelele za chaja za nyumba nzima zinapanda kwa njia hiyo hiyo hadi kwenye mapokezi.

Kuuthibitisha ni rahisi. Ongeza mita mbili za kebo ya omu 50. SWR isibadilike ila kiduchu. Ikiruka, au ikicheza ukishika kebo, basi kebo imekuwa sehemu ya antena. Dawa yake ni kuizungusha kebo nyembamba mara 10 au 12 kwenye pete kubwa ya feraiti (kauri yenye chuma) aina ya 31, pale inapoungana na dipole. Zile pete nyekundu na njano za unga wa chuma hazifai kazi hii.

Kimo sitakigusa sana. Dipole hiyo ikiwa mita 5 juu inarusha angani juu yako, inafaa kwa majirani wa mamia ya kilomita. Ukitaka mbali, nusu ya wimbi, mita 21, na mita ya SWR haitakwambia lolote kuhusu hilo.

Sasa njooni mezani. Kebo hii ndiyo ile ile iliyolowa, sikuitupa. Mwisho wake wa pili uko wazi, hauna kitu, na ingekuwa nzima SWR ingepaa hadi mita ishindwe kusoma. Tusiipime kwa transmita tusije tukaiunguza, kichanganuzi kinatosha. Kabla sijakiwasha, kila mmoja aandike namba anayodhani itatoka.