Njia ya mwendokasi iko wapi?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi Zuhura, na niko na mwenzangu Baraka, ambaye amemaliza stashahada ya uandishi wa habari hapa Dar na siku hizi anatembea kifua mbele.

BARAKA: Kifua mbele na mifuko mitupu, dada Zuhura.

ZUHURA: (anacheka) Pole, kaka. Haya, watu wanatuuliza: uandishi wa mtandaoni mtu anausomea nini? Simu ipo, bando lipo, si unaandika tu?

BARAKA: Hata mimi niliingia darasani na wazo hilohilo. Na mwanzoni somo lenyewe halikunikosoa, maana lilikuwa programu tupu. Leo kukata video ya wima, kesho kuchora grafu, keshokutwa kupanga maneno ya kichwa cha habari ili Google ikuone. Sauti tunarekodia kabatini, shuka kichwani. Sikatai, vyote vina kazi. Lakini vingi unaweza kujifunza YouTube jioni moja. Kilichonifungua macho ni zoezi la picha ya mafuriko.

ZUHURA: Hiyo ya Jangwani, kule bondeni hapa Dar, uliyonisimulia?

BARAKA: Hiyohiyo. Mwalimu katuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Maji yamefunika barabara, watu wako juu ya mapaa. Chini kaandika, "Jangwani asubuhi hii." Akatupa saa moja: inachapishwa au haichapishwi?

ZUHURA: Na mvua ilikuwa inanyesha kweli?

BARAKA: Tangu usiku! Mtego ulikuwa hapo. Ingekuwa kiangazi nani angehangaika nayo? Basi wenzangu wakakimbilia Google Lens, wengine TinEye, kuona kama picha imewahi kutokea mahali. Hawakupata kitu. Wengine wakataka taarifa zinazokaa ndani ya faili, ile tarehe na mahali ambavyo kamera hujiandikia yenyewe.

ZUHURA: Si ndivyo inavyofanywa?

BARAKA: Ndivyo, kama umeipata faili kutoka kwa mpigaji mwenyewe. Picha ikishatumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hizo taarifa zinafutwa. Tukabaki na macho yetu tu.

ZUHURA: Yakaona nini?

BARAKA: Yangu? Hayakuona kitu. Kuna dada mmoja, mkazi wa Magomeni, alikuwa kimya muda wote. Akauliza: njia ya mwendokasi iko wapi?

ZUHURA: Ehee!

BARAKA: Umeona? Barabara ya Morogoro pale Jangwani, ujenzi wa njia ya mwendokasi, ile ya mabasi peke yake, ulianza 2012 na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Kwenye picha hakuna kituo, hakuna njia zake, barabara ni ile ya zamani. "Asubuhi hii" ikafia palepale. Mwalimu ndiyo akasema ni mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini.

ZUHURA: Kwa hiyo programu zote zimeshindwa na abiria wa Magomeni.

BARAKA: Na ndiyo hoja yangu. Kozi nyingi za bure tulizosoma mtandaoni mifano yake ni ya miji ya mbali, unakariri hatua bila kujua unatafuta nini. Ningekuwa mwalimu, ningewatembeza wanafunzi bonde la mto Msimbazi, hilohilo la Jangwani, kuanzia milima ya Pugu mpaka mto unapoingia baharini kwenye daraja la Selander, kabla ya kuwafungulia programu yoyote.

ZUHURA: Wangekukimbia.

BARAKA: Wangebaki wachache, hao ndio ningewaajiri.

ZUHURA: Kwa mifuko ipi? Haya, na sheria mlisoma?

BARAKA: Kipindi kimoja, mwisho wa muhula, kila mtu anawaza mtihani. Hapo nina kinyongo kidogo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018, mwenye blogu alitakiwa awe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Ombi, leseni na ada ya mwaka, jumla shilingi milioni 2.1. Ukikiuka, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Zimekuja kanuni nyingine 2020, zikarekebishwa 2022, lakini mtu anayefungua chaneli ya habari chumbani kwake alipaswa kuambiwa haya siku ya kwanza.

ZUHURA: Na ile picha, kama mngeichapisha?

BARAKA: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa za uongo huku akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha. Sisi tungesema hatukujua. Sasa nenda kamweleze hivyo askari kituoni saa nne usiku.

ZUHURA: Mungu apishe mbali. Mkaandika nini badala yake?

BARAKA: Mimi niliandika kwa nini Jangwani haiachi kufurika: mto unaoshuka na mchanga na taka, bonde lililojengwa, maji hayana pa kupita. Nikaongea na wauza mitumba wa pale, nikaweka na ramani niliyoichora mwenyewe.

ZUHURA: Ikasomwa?

BARAKA: Na marafiki, na mama. Mama akapiga simu kuuliza mbona sikuweka ile picha ya watu juu ya mapaa, majirani wote wanayo.