Mtindi Saa Ngapi, Dawa Saa Ngapi?

Wazee wangu wa Mikindani, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Mimi ni mfamasia, na pale dirishani siku haipiti bila swali hili: "Mwanangu, dawa hizi zinaniharisha, ninywe mtindi?" Kunywa. Ila tuulizane saa.

Antibayotiki haina macho. Imetumwa kuua bakteria wa nimonia, lakini ikipita tumboni inawapiga na wale wanaotusaidia. Ndipo tumbo linafunguka. Bakteria wazuri, wawe wa mtindi au wa kapsuli, ukiwameza pamoja na dawa umewapeleka vitani mikono mitupu. Wapishanishe na dawa angalau saa mbili. Anayemeza amoksisilini saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, mtindi wake uwe saa 4 asubuhi.

Dozi ikiisha, wengi hushauri uendelee na kapsuli wiki moja au mbili. Mimi sisisitizi. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliona kwamba waliopewa kapsuli baada ya antibayotiki, bakteria wao wenyeji walichelewa kurudi kuliko wa wale walioachwa hivihivi.

Sasa sipro, yaani siprofloksasini, nayo antibayotiki. Hapa anayeumia si bakteria, ni dawa yenyewe. Kalsiamu ya maziwa huing'ang'ania dawa humohumo tumboni, isiingie kwenye damu. Mgonjwa anamaliza dozi, ugonjwa uko palepale, halafu lawama tunabeba sisi wa dirishani! Unameza saa 12 asubuhi na saa 12 jioni? Mtindi kunywa saa 6 mchana. Na doksi, yaani doksisaiklini, nayo usiimeze kwa maziwa.

Mama pale nyuma anauliza togwa. Togwa iliyochachuka inao bakteria wazuri, ila ukiichemsha tena umewaua. Na hakuna aliyewahesabu kwenye kibuyu chako, mama. Hospitalini hujaribiwa aina zilizopimwa, kama Lactobacillus rhamnosus. Ipo na Saccharomyces boulardii, ndugu wa hamira. Hiyo si bakteria, antibayotiki haiiui, kwa hiyo saa haikusumbui. Ila dawa ya fangasi inaiua. Mtoto njiti, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, asipewe kapsuli hizi bila daktari kusema.

Na kuharisha kukija na damu au homa kali, mtindi weka chini. Panda bajaji, hospitali ya Ligula usiku huohuo.