Kitunguu saumu chenye kichwa cha kujaa kiganja, kuanzia punje hadi kutundika

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena bustanini kwangu huku Lushoto. Ukungu bado haujainuka, ndiyo maana mnaniona na sweta.

Kabla sijashika jembe, tazameni mikono yangu. Kushoto ni kitunguu saumu cha mwaka jana, kinajaa kiganja. Kulia ni cha mwaka juzi, kama gololi. Vyote vimetoka kwenye bustani hiihii, na samadi ni ya ng'ombe yuleyule. Tofauti ni kwamba mwaka juzi nilizembea, nikapanda Julai. Mmea huu unataka upate baridi ukiwa tayari una majani ya kutosha, ndipo ufunge kichwa. Mimi baridi ilinipita mimea ikiwa na majani matatu, jua likarudi, nikavuna gololi. Vingine havikugawanyika hata punje, ni donge moja tu.

Kwa hiyo huku napanda masika yakielekea ukingoni, Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Mlioko Mbulu, Iringa, Meru au Nyeri, fuateni msimu wenu wa baridi. Mlioko Dar sitawadanganya: pandeni kwa ajili ya majani, ni matamu kwenye mayai ya kukaanga, lakini kichwa kikubwa kwa joto lile ni bahati nasibu.

Sasa mbegu. Hivi vyeupe kama chaki, vilivyokwanguliwa mizizi kitakoni, vimetoka mbali na mara nyingi havijazoea urefu wa siku zetu. Vitaota, vitakupa majani, halafu basi. Nunua kwa mkulima wa milima ya jirani, kitunguu kilichokomaa na kukauka.

Sogea karibu na kamera. Nakibambua siku hiihii ya kupanda, sikibambui wiki moja kabla. Ganda la punje siliondoi. Umeona hizi za nje, nene, zenye mgongo? Ndizo mbegu. Hizi nyembamba za katikati zinaenda jikoni. Watu wengi hufanya kinyume, wanakula nene wanapanda nyembamba, halafu wanalaumu udongo. Punje iliyolegea au yenye doa la ukungu usiiweke kabisa.

Tuta langu lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Nimelima kina cha jembe, nimevunja madongoa yote, maana kichwa hakitanuki kwenye udongo mgumu. Nimechanganya madebe mawili ya samadi. Ichukue mkononi, inuse: ikinuka zizi, bado mbichi, iache. Ikinuka udongo wa msituni, imeiva. Na hapa pasiwe palikuwa na vitunguu maji msimu uliopita. Magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Mimi nazungusha, napisha miaka mitatu.

Tunavuta kamba. Mistari mitano, sentimita 20 kati ya mstari na mstari, na punje kila sentimita 10. Tuta hili linameza punje 150, kwa hiyo nimebambua vichwa kama 25. Toboa kwa kijiti sentimita 4 hadi 5, kwa kidole changu ni pingili mbili. Kitako chini, ncha juu. Usiigandamize kwa nguvu kwenye udongo mgumu, mizizi ikitoka itaisukuma nje. Fukia, mwagilia taratibu, tandaza nyasi kavu. Basi.

Miezi miwili ya mwanzo ndiyo ya kazi. Mizizi yake ni mifupi, haishindani na magugu, kwa hiyo palilia kwa mkono, jembe litaikata. Mwagilia udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mbolea ya kukuzia naweka kidogo mmea ukifika majani manne, narudia mara moja, kisha naacha. Ukiendelea kuweka wakati kichwa kinatanuka, utavuna majani. Mmea ukitoa kikonyo cha ua, kikate. Kinakula chakula cha kichwa. Kikonyo chenyewe ni mboga. Ukiona madoa ya rangi ya kutu kwenye majani, ng'oa yaliyozidiwa na umwagilie chini, usiloweshe majani.

Baada ya miezi minne hadi mitano, majani ya chini yanaanza kukauka. Hapo nafunga maji, wiki mbili au tatu. Majani ya chini matatu au manne yakikauka na ya juu yakiwa bado kijani, chimbua kimoja utazame. Kila jani bichi ni ganda moja la kufunika kichwa. Ukisubiri yote yakauke, utakuta maganda yamepasuka na punje zimetawanyika udongoni. Chimbua kwa rato, lile jembe la meno, usivute kwa shingo.

Usivioshe na usivianike juani. Vitundike kivulini penye upepo, na majani yake, wiki mbili hadi tatu, mpaka shingo ikauke kabisa.

Kamera huku juu, darini. Mnaona hili fungu la uzi mwekundu? Ni vile 25 vikubwa kuliko vyote, mbegu ya Aprili. Uzi ni kwa ajili ya watu wa nyumba hii. Mwaka juzi niliviacha bila alama, vikaishia kwenye pilau.