Uungwana ni Vitendo: Kwa Nini Bwana Darcy Hatuchoshi

BI SALMA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, popote mlipo. Leo tumekaa Wete, katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake tumelifunga kwa sababu ya mvua, na mbele yetu kipo kitabu kimoja ambacho jalada lake limeshagandishwa kwa gundi mara mbili. Kitabu chenyewe ni Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka London mwezi wa Januari 1813, na katika watu wote waliomo humo tutamzungumza mmoja, Bwana Darcy. Mwalimu Hamad, karibu.

MWALIMU HAMAD: Wa alaykum salaam, Bi Salma, na ahsante. Ninakuja na swali ambalo limekuwa likinisumbua tangu nilipoanza kusomesha. Kila mwaka ninawasomea wanafunzi sura ile ya dansi, ambapo Darcy anaambiwa na rafiki yake Bingley amwombe Elizabeth wacheze, naye anajibu kwamba msichana huyo anapendeza kiasi tu, wala hana uzuri wa kumvuta yeye, na haya anayasema Elizabeth akiwa amekaa karibu na anamsikia. Darasa zima humchukia hapo hapo. Wiki chache baadaye, darasa hilo hilo humtetea kama ndugu yao wa tumbo moja. Kinatokea nini katikati?

BI SALMA: Na huyo ni mtu aliyeandikwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, katika nchi ya baridi, na mwanamke ambaye hakuolewa na ambaye alifariki mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka 41.

MWALIMU HAMAD: Jawabu ambalo watu wengi hulitoa ni kwamba wasomaji, khasa wasomaji wa kike, wanapenda mwanamume mwenye kiburi. Mimi silikubali jawabu hilo, na naona linawavunjia heshima wasomaji. Kiburi tunacho tele, kila mtaa una mtu anayejiona. Kama kiburi peke yake kingetosha kumfanya mtu apendwe, basi wapendwao wangekuwa wengi mno.

BI SALMA: Nakubaliana nawe hapo, lakini nitakuja na pingamizi langu baadaye. Kwanza nataka tusimame kwenye posa, kwa sababu nadhani ndipo roho ya kitabu ilipo. Naomba niwahadithie wasikilizaji jambo. Msimu mmoja wa karafuu, nilipokuwa nimekwenda kumsaidia shangazi yangu, tulikuwa tukikaa usiku kwenye jamvi, taa katikati, tunachambua. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba vidole vinakwenda vyenyewe, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, na masikio hayana kazi. Basi nikawa ninawasimulia riwaya hii kwa Kiswahili, kila usiku kipande. Nilipofika pale Darcy anapokwenda kuposa, nikaeleza kwamba alikwenda mwenyewe, bila mshenga, bila barua, bila wazee, akamkuta msichana peke yake ndani ya nyumba ya watu. Hilo tu lilitosha kuwashangaza. Kisha nikaeleza maneno yenyewe: kwamba anampenda kwa dhati, amejaribu kujizuia ameshindwa, ingawa ukoo wa msichana ni duni, ingawa kumwoa ni kujishusha, ingawa jamaa zake ni kikwazo. Shangazi akaziacha karafuu mkononi, akasema, "Huyu kaja kuposa au kaja kutukana?"

MWALIMU HAMAD: Shangazi amekisoma kitabu vizuri kuliko wachambuzi wengi.

BI SALMA: Kisha akaniuliza kwa nini binti wa watu wenye nyumba na shamba atiliwe maneno kama hayo. Ikanibidi nieleze kwamba shamba la Longbourn, kwao Elizabeth, lilikuwa limefungwa kisheria liende kwa warithi wa kiume, kwamba mabinti watano wa Bwana Bennet, Elizabeth akiwa mmoja wao, wasingepata hata pembe ya kiwanja baba yao akifa, na kwamba kila mmoja alitarajia kiasi cha pauni 1,000 tu baada ya kufariki mama. Akanikata: "Kwani watoto wa kike hawarithi kabisa?" Kwa watu waliozoea kwamba binti ana fungu lake, hata likiwa nusu ya fungu la kaka yake, jambo hilo lilikuwa gumu kuliko posa yenyewe. Lakini hapo ndipo walipoelewa uzito wa kukataa. Darcy ana mapato ya pauni 10,000 kwa mwaka. Elizabeth ana miaka 20, hana chochote, na anasema hapana.

MWALIMU HAMAD: Na namna anavyosema hapana ndiyo sababu ninakipenda kitabu hiki. Anamwambia kwamba jinsi alivyoposa hakukubadilisha jawabu lake, ila kumemwondolea huruma ambayo angekuwa nayo katika kumkataa, kama yeye angeonyesha mwenendo wa kiungwana zaidi. Kiingereza kina neno, gentleman, ambalo lina maana mbili kwa pamoja, ya ukoo na ya tabia, na ni jambo la ajabu kwamba sisi wa pwani tunalo neno lenye njia hiyo hiyo. Muungwana katika zama za babu zetu alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye nasaba inayojulikana; na muungwana vile vile ni mtu mwenye staha, asiyemdhili mwenziwe. Maana ya kwanza unazaliwa nayo na ya pili unaifanyia kazi. Darcy alikuwa nayo ya kwanza tangu tumboni kwa mama yake, akadhani ya pili imekuja pamoja nayo. Elizabeth anamwambia usoni kwamba haikuja. Sisi tunasema uungwana ni vitendo, na ukitaka kuitafsiri sura ya 34 kwa maneno matatu, ni hayo.

BI SALMA: Na baadaye yeye mwenyewe anamwambia kwamba neno lile lilimtesa kwa muda mrefu kabla hajakubali kwamba lilikuwa la haki.

MWALIMU HAMAD: Hapo nataka tukae kidogo. Linganisha na wanaume wengine wenye kiburi katika riwaya. Rochester wa Charlotte Brontë, katika Jane Eyre ya mwaka 1847, anaporudiwa na mpenzi wake ameshaunguliwa na nyumba, amepoteza mkono na macho. Kiburi chake kimevunjwa na moto. Hapa kwetu tunaye Fuad wa Shafi Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad iliyochapishwa mwaka 1978, bwana mwenye mashamba ambaye hakuna maneno ya binadamu yaliyoweza kumgusa, na kilichomtikisa ni Mapinduzi ya 1964. Moto na mapinduzi ni nguvu kubwa kuliko mtu. Darcy hakuunguliwa, hakufilisika, hakuugua. Siku ya pili baada ya kukataliwa bado ana pauni zake 10,000, bado ana jumba lake la Pemberley, na angeweza kabisa kurudi nyumbani akasema msichana yule ni mjinga. Kilichombadilisha ni maneno ya mtu ambaye hakuwa na uwezo wowote juu yake. Mimi sijui wenye nguvu wangapi ambao tumewaona wakibadilishwa na hoja. Ndiyo maana tunarudi kumtazama.

BI SALMA: Umemtaja Fuad, nami nataka nimtaje Kijakazi. Kijakazi amemtumikia Fuad kwa moyo wake wote, mwili wake umechakaa ndani ya utumishi ule, na malipo yake ni dharau. Sasa twende Pemberley, sura ya 43. Elizabeth anatembezwa nyumba na mtunza nyumba mzee, Bi Reynolds, ambaye anasema kwamba hajapata kusikia neno baya kutoka kwa bwana wake maisha yake yote, na amemjua tangu alipokuwa na miaka minne. Kwamba watu humwita mwenye kiburi lakini yeye hajakiona. Ukizisoma riwaya hizi mbili pamoja, unaona kwamba Austen ameuliza swali ambalo Shafi naye ameliuliza: mtumishi anasemaje mgeni akimuuliza? Majibu yao mawili ni mbingu na ardhi.

MWALIMU HAMAD: Hilo sikuwahi kuliwaza, na nitalichukua darasani.

BI SALMA: Na niseme tu, kwa wale walioiona tamthilia ya BBC ya mwaka 1995, kwamba Darcy kutoka ziwani na shati lililoloa hakumo kitabuni. Kitabuni wanakutana ghafla bustanini, wote wawili wanaiva nyuso kwa haya, na yeye anamuuliza habari za jamaa zake, kisha anarudia rudia kumuuliza lini aliondoka kwao, kwa sababu hajui aseme nini. Mimi ninaipenda zaidi haya hiyo. Anauliza habari za wale wale aliowatukana.

MWALIMU HAMAD: Sasa lete pingamizi lako.

BI SALMA: Pingamizi langu ni zito, wala silileti kwa ajili ya kunogesha mazungumzo. Nimekaa na wanawake wengi ambao waliambiwa neno moja tu wakati wa shida ya ndoa: vumilia, atabadilika. Wengine walivumilia miaka 20. Ninaogopa kwamba msichana anayemsoma Darcy atajifunza kuwa ukali wa mwanamume ni pazia tu, na nyuma ya pazia upo moyo laini ambao utafunuliwa na subira yake. Hadithi ikimfundisha hivyo, inamtengenezea mzigo.

MWALIMU HAMAD: Ninaiheshimu khofu hiyo, na ningekuwa ninasomesha riwaya ya Heathcliff, yule mkatili wa Wuthering Heights, ningekaa kimya. Lakini hebu tuufuate mpango wenyewe wa matukio. Elizabeth hakumvumilia hata siku moja. Alimkataa, akamwambia sababu, akaondoka, akarudi kwao akaendelea na maisha yake. Hakubaki kumtengeneza. Kazi ya kujitengeneza aliifanya Darcy peke yake, kwa gharama yake, bila kuahidiwa kitu, na alipokuwa akiifanya hakuwa na sababu ya kuamini kwamba wataonana tena. Mwandishi angetaka kusifu subira ya mwanamke, anaye Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth mwenye miaka 27, ambaye ameolewa na Bwana Collins, kasisi atakayeirithi Longbourn, kwa kutafuta mahali pa kukaa, na ukurasa baada ya ukurasa tunaonyeshwa jinsi anavyochagua chumba cha kukaa ambacho mumewe hatakipenda ili apate utulivu. Hakuna anayefunga kitabu akitamani kuwa Charlotte.

BI SALMA: Hilo la Charlotte ni kweli, na linauma. Hata hivyo nabaki na swali la mali. Darcy angekuwa mvuvi wa Kojani mwenye maneno makali, tungempa nafasi ya pili? Elizabeth mwenyewe, dada yake alipomuuliza lini alianza kumpenda, alijibu kwa mzaha kwamba ilianza alipoyaona mandhari ya Pemberley. Ni mzaha, lakini mwandishi hakuuweka pale bure.

MWALIMU HAMAD: Sina jawabu kamili. Nitasema tu kwamba mali ndiyo inayofanya kosa lake liwe kubwa. Yeye mwenyewe anaeleza mwishoni kwamba alipokuwa mtoto alifundishwa mema, lakini hakufundishwa kuirekebisha tabia yake. Wazazi waliokuwa watu wema walimwacha awe mbinafsi, asimjali yeyote nje ya jamaa zake, na akaishi hivyo tangu miaka minane hadi 28. Hamsingizii mtu na hajitetei. Mara ngapi umemsikia mtu mzima akiyasema malezi yake namna hiyo, bila kulaumu wala kujificha?

BI SALMA: Mara chache sana.

MWALIMU HAMAD: Lakini kuomba radhi kwa maneno ni rahisi. Lydia, mdogo wake Elizabeth, msichana wa miaka 16, anatoroka na Wickham, yule yule ambaye zamani alitaka kumtorosha dada wa Darcy mwenye miaka 15 kwa tamaa ya pauni 30,000 zake. Darcy anawatafuta London, anawapata, anakaa meza moja na mtu anayemchukia kuliko wote duniani, analipa madeni yake yaliyopindukia pauni 1,000, anamwekea Lydia pauni 1,000 nyingine na anamnunulia Wickham cheo jeshini ili ndoa ifungwe. Kisha anamwomba mjomba wake Elizabeth asimwambie mtu. Familia aliyoona aibu kuingia ndani yake, aibu yao ameibeba yeye mabegani. Kama Lydia asingeropoka kwamba Darcy alikuwepo harusini, pengine Elizabeth asingejua.

BI SALMA: Nimalizie habari ya shangazi, kwa sababu hapo ndipo alipobadilika. Tangu usiku ule wa posa alikuwa hamwiti jina, anamwita "yule mtukanaji". Nilipofika London, nikawa ninaeleza jinsi alivyozunguka mitaani kuwatafuta na alivyotoa fedha, alinyamaza. Niliona vidole vimesimama tena, konyo moja limebaki katikati ya kidole gumba na cha shahada. Akauliza, "Na huyo msichana ameshajua?" Nikamwambia, "Bado, na mwenyewe amekataza asiambiwe." Ilikuwa karibu saa tano, nami nilikuwa nataka kulala. Akausogeza mfuko mwingine mbele yangu, akaumimina wote kwenye jamvi, akasema, "Basi Darcy huyo mlete tena. Endelea, karafuu bado nyingi."