Raha jipe mwenyewe, lakini nani alikufundisha kujipa?

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Wale mliosimama mlangoni viti vipo huku mbele, njooni tu, hakuna mtu atakung'ata. Watu tunaogopa viti vya mbele toka shule ya msingi mpaka leo.

Nimepewa mada ya furaha ya ndani na kujifunza kwa wengine, na nikiri mapema tu kwamba nilivyoisikia mara ya kwanza niliona ni mambo mawili yanagombana. Ukimwambia mtu furaha inatoka ndani anakujibu hapo hapo, raha jipe mwenyewe, yaani achana na watu, zima simu, piga bloku huyu na yule, kaa na amani yako. Alafu mtu huyo huyo unamgeukia unamwambia ajifunze kwa wenzake. Sa ajifungie ndani au atoke? Nimezunguka na hilo swali wiki mbili nzima, nitawaambia nilipofika.

Naanza na neno lenyewe maana mi napenda maneno. Kufunza ni kumpa mwingine elimu. Ukichomeka ile "ji" inakuwa kujifunza, kama kujikuna, kujinyoa, kujipaka mafuta, kitu unajifanyia mwenyewe kwa mkono wako. Sasa sikiliza tunavyosema, nimejifunza kwa fulani. Huyo fulani yupo, katajwa na kapewa heshima yake, lakini kazi yote ya kufunza umeifanya wewe, yeye inawezekana hata hana habari! Nimeongea Kiswahili toka nazaliwa na sijawahi kuliona hilo mpaka juzi naandaa haya maneno, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ila msifurahi mapema, kuna neno lingine lina "ji" ile ile. Kujilinganisha. Hilo nalo hakuna anayekufanyia. Mtu kaweka picha yake kasimama pembeni ya gari, wala hakukuwaza wewe, pengine hata jina lako kalisahau, na wewe uko kitandani saa sita usiku mwanga wa simu unakupiga usoni umeshafungua kesi, umeshajishtaki, umeshajitetea kidogo na umeshajihukumu. Nasema hivi kwa sababu ni mimi. Kuna mtu tulisoma darasa moja na nilikuwa namsaidia hesabu, sasa usiku mmoja nikaingia kwenye kurasa zake nikawa nashuka tu, picha ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya mwaka juzi, nikashuka mpaka nikafika picha za miaka sita nyuma, kidole kikateleza nikagusa kile kialama cha kupenda. Picha ya miaka sita, saa sita usiku! Nilirusha simu kama imeniunguza. (Mnacheka, ina maana na nyie yamewakuta.)

Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki, jicho linalokuibia furaha na jicho linalokufundisha ni lile lile. Kinachobadilika ni swali unaloenda nalo. Nilipokuwa nashuka kwenye zile picha swali langu lilikuwa "kapata nini?" Sikuuliza hata mara moja "anafanyaje?"

Kuna utafiti mmoja naupenda sana wa mwaka 1995, wa Wamarekani watatu, Medvec, Madey na Gilovich. Walichukua video za Olimpiki ya Barcelona ya 1992, wakatafuta zile sekunde ambazo mwanamichezo ndo kwanza anajua kashika nafasi ya ngapi, wakawaonyesha wanafunzi wakawaambia mpeni kila mmoja alama 1 mpaka 10, 1 ni mtu anaugulia na 10 ni mtu furaha imempanda kichwani. Waliopata fedha, yaani namba mbili, wastani wao 4.8. Waliopata shaba, namba tatu, 7.1. Namba tatu ana furaha kuliko namba mbili! Na hata kwenye jukwaa la medali, hasira zikiwa zimepoa kidogo, ilikuwa 4.3 kwa 5.7. Maelezo ya wale watafiti ni kwamba wa pili anaangalia juu, anajiambia ningekaza kidogo tu, na wa tatu anamwangalia wa nne ambaye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa hapa wahamasishaji wengi wanamalizia kwa kusema basi angalia walio chini yako ufurahi. Mi hiyo siipendi, niwaambie ukweli. Furaha inayohitaji jirani awe amekosa ni furaha mbovu, siku jirani akipata na yenyewe inakufa. Mi nawaza tofauti. Yule wa fedha, mtu anayeweza kumfundisha kuliko mtu yeyote duniani kwa dakika ile kasimama hatua moja juu yake. Wanakaribia kugusana mabega. Anamwona kama mwizi wakati ni mwalimu wake, na ada hamdai.

Tuje kwenye lile la ndani. Mnakijua kile kisa cha washindi wa bahati nasibu, kinazungushwa kila mahali. Ni utafiti wa 1978, Brickman na wenzake, waliwahoji washindi 22, watu wengine 22 wa kawaida, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Mtaani unaambiwa wote walitoka sawa, eti ushinde mamilioni au upooze furaha yako ni moja. Si kweli! Kwa kipimo cha 0 mpaka 5, washindi walikuwa 4.00, watu wa kawaida 3.82, waliopooza 2.96. Waliopooza walikuwa chini na wala usimwambie mtu aliyepooza kwamba mambo yapo kichwani mwake tu. Kilichoshangaza ni washindi, kuwapita watu wa kawaida kwa kitu kidogo hivyo ambacho kitakwimu hakihesabiki. Na kingine ambacho watu wanakiruka, waliulizwa wanapata raha gani kwenye vitu vidogo vya kila siku, kuongea na rafiki, kusikia kichekesho, kusoma jarida, kusifiwa. Washindi 3.33, watu wa kawaida 3.82. Yaani ile pesa iliwapa jambo moja kubwa na ikala vile vidogo vyote pembeni.

Msinielewe vibaya, watu 22 ni wachache, na utafiti mkubwa zaidi wa washindi wa Sweden uliochapishwa 2020 ulionyesha walioshinda hela nyingi waliridhika na maisha yao kwa miaka mingi baadae. Hela inasaidia, anayesema haisaidii mwambie akupe zake. Ila kuridhika ukiulizwa maisha kwa ujumla yakoje ni jambo moja, na kuamka ukaifurahia asubuhi yenyewe ni jambo lingine, na kwenye hili la pili ile faida ilikuwa ndogo zaidi. Mi mwenyewe nilipandishwa cheo kazini, nimekisubiri miaka minne, nikajua siku hiyo ikifika nimemaliza. Jumatatu barua. Jumatano nilikuwa nagombana na mtu kuhusu kiti! Kiti kinazunguka na changu kilikuwa hakizunguki.

Basi ndo nikarudi kwa mzee mmoja wa zamani, Marcus Aurelius, mfalme wa Roma toka 161 mpaka 180. Huyu alikuwa na dola nzima, na pia alikuwa na vita mpakani na tauni inaua watu wake, na huko kambini alikuwa anajiandikia vijimaneno mwenyewe, kwa Kigiriki, wala si vya kuchapisha. Sehemu moja anasema watu wanatafuta pa kukimbilia, mashambani, baharini, milimani, wakati una uwezo wa kujiingilia ndani yako saa yoyote ukapumzika. Hapo watu wa raha jipe mwenyewe wanapiga makofi.

Lakini fungua ukurasa wa kwanza. Kitabu chote cha kwanza cha yale maandishi ni orodha ya watu! Kwa babu yangu nimepata hiki, kwa mama yangu hiki, kwa yule mwalimu kile. Kutoka kwa mlezi wake wa utotoni anasema alijifunza kutokuwa shabiki wa timu za mashindano ya magari ya farasi, ya kijani wala ya bluu, na hapa naona wenzangu wa mpira mmenuna. Kutoka kwa mtu mmoja aliyeitwa Alexander alijifunza kutokuwa na tabia ya kuwaambia watu mara kwa mara bila sababu kwamba niko bize. Mfalme wa Roma jamani! Anaongoza nusu ya dunia aliyoijua na anajikataza kusema niko bize. Mimi juzi nimemwambia mama yangu niko bize na nilikuwa naangalia video ya mtu anaosha zulia.

Alichofanya huyu mzee ndo kilinifungulia lile swali la mwanzo. Ile "ndani" anayokimbilia aliijaza kwa watu. Hakuna mtu anayezaliwa na chumba cha ndani kimeshapangwa viti. Huyu kakuletea subira, yule kakuletea namna ya kunyamaza, na siku umejifungia kweli, umepiga bloku dunia nzima, ukiwasha taa unakuta vyombo vya watu. Asiyejifunza kwa mtu akijiingilia ndani anakuta patupu, alafu anashangaa kwa nini kukaa peke yake kunamtesa.

Na angalia alivyochukua kidogo. Kwa wengi anachukua vitu vichache tu, na mtu aliyemwandikia marefu kuliko wote ni baba yake wa kulea. Hakusema nataka kuwa kama babu. Sisi tukimpenda mtu tunataka kumbeba mzima mzima. Mi niliwahi kumwiga jamaa anayeamka saa kumi na nusu alfajiri, kila akikutana na wewe lazima akwambie, nikasema ndo siri hiyo. Mwezi mzima naamka saa kumi na nusu nakaa kwenye kochi nimekunja sura, saa nane mchana nasinzia kwenye kikao mdomo wazi, nyumbani wakaanza kuniogopa. Jamaa yule kumbe analala saa mbili usiku! Hicho kipande hakukisema na mimi sikumuuliza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, mimi mbachao wangu niliutupa nje na msala wenyewe haukuwa saizi yangu.

Kilichonisaidia ni kadogo mno, hata naona aibu kukasema hapa steji. Kuna mama mmoja nilifanya naye kazi, meza zinatazamana. Huyu mama ukienda kumuuliza kitu anachukua kifuniko cha kalamu, anakifunika mpaka kinalia tik, anailaza kalamu, ndo anainua macho. Kila mtu, bosi, mfagizi, kijana wa mazoezi. Ule mlio wa tik ukiusikia unajua sasa upo mbele ya mtu. Nilimwangalia karibu mwaka ndo nikaelewa kwa nini watu wakitoka kwake wanatoka mabega yameshuka, na yeye mwenyewe jioni hakuwa amechoka kama sisi. Nikaanza kufunika kalamu. Sijawahi kumwambia, hajui mpaka leo. Sina hakika kama imenifanya mtu mzuri ila siku ninazofunika kalamu naifurahia kazi, na siku ninazojibu watu huku naandika narudi nyumbani sikumbuki nimeonana na nani. Kuna utafiti wa 2010 wa Killingsworth na Gilbert, watu 2,250 waliulizwa kupitia simu zao muda wowote, unafanya nini na akili iko wapi, na karibu nusu ya mara zote, asilimia 46.9, akili ilikuwa kwingine, na furaha ya watu ilikuwa pungufu akili ikiwa imetoka. Yule mama hakuhitaji utafiti, alikuwa na kifuniko.

Kuna karatasi nimeletewa hapa, ngoja niisome. Anauliza, je kama wanaonizunguka ndo wanaoniumiza, nijifunze nini kwao? Ahsante, swali zito. Kwanza, kujifunza kwa mtu hakukulazimishi kukaa naye. Unaweza kujifunza kwa mtu ukiwa umeshahama. Mi baba yangu mdogo mmoja alikuwa na hasira za kuvunja vikombe na nimejifunza kwake kuliko kwa wahadhiri wote, nikipandwa na hasira naviona vile vipande sakafuni na watoto tumesimama ukutani, na mkono unashuka wenyewe. Ila kama unaumizwa kweli kweli, toka kwanza, masomo baadae. Pili, na hili nalisema taratibu, kama ni wiki na wiki hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, usijiambie nitafute furaha ndani, huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nenda kwa daktari, na kama huwezi peke yako mshike mtu mkono muende wote.

Kuna dada kule nyuma kanyoosha mkono muda mrefu mpaka kaubadilisha. Mpelekeeni maikrofoni. Subiri dada, nifunike kalamu kwanza.