Umefilisika Marekani, ile ploti ya Kitengela je?

NEEMA: Karibuni tena jamani, leo tunaongea madeni. Juma, kuna mama mmoja alinipigia toka Dallas juzi usiku, kredit kadi zimejaa, bili za hospitali ndo usiseme, anataka kwenda korti atangazwe amefilisika, na watu kanisani wamemwambia ukishaingia Texas hakuna wa kugusa mali yako.

JUMA: Kwa nyumba hawajakosea. Texas nyumba unayoishi inakingwa hata iwe ya bei gani, mjini isizidi ekari 10 tu, ingawa benki iliyokukopesha kuinunua lazima uendelee kuilipa. Amekaa Texas muda gani?

NEEMA: Miezi 8. Alitoka New Jersey, huko alikaa miaka 9.

JUMA: Haa, basi hapo dada. Korti inahesabu siku 730 kabla ya siku unayofungua kesi, kama hukukaa steti moja siku zote hizo wanarudi nyuma, wanaangalia ile miezi 6 ya kabla ya hizo siku 730 uliishi wapi zaidi, na sheria ya huko ndo inakufuata. Yeye bado ni wa New Jersey. Afadhali New Jersey inakuachia uchague kinga za serikali kuu, yaani thamani ya mali yako wasiyoigusa, gari mpaka dola 5,025, nyumba mpaka dola 31,575.

NEEMA: Nyumba hana, amepanga. Ana ploti Kitengela, hati bado haijatoka ana ile agrimenti tu, anauliza hiyo si iko Kenya, wataijuaje?

JUMA: Hapana hapana, aiandike! Sheria inasema mali yako popote ilipo duniani. Na kuna kikao na trastii, yule msimamizi wa kesi anayeuza mali isiyokingwa alipe wanaokudai, siku hizi wengi wanakifanya kwa Zoom, unanyoosha mkono wa kulia unaapa halafu unaulizwa una ardhi wapi na wapi. Ukidanganya pale madeni hayafutwi na unaweza kufungwa. Na roho inaniuma kwa sababu huyu mama hana haja ya kuficha, kama hakutumia kinga ya nyumba anaruhusiwa kuchukua mpaka dola 17,475 akakinge kitu chochote, hata hiyo ploti.

NEEMA: Kumbe! Na ikizidi hapo?

JUMA: Ndo aulizie Chapta 13, aina nyingine ya kesi ya kufilisika, unabaki na mali yako unalipa kidogo kidogo miaka 3 mpaka 5.

NEEMA: Kuna jingine, ana dola 4,000 alikopeshwa na dada yake, anataka amrudishie kwanza ndo aende korti, anaona aibu.

JUMA: Naielewa hiyo aibu, ni damu yake. Lakini ukimlipa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufaili, yaani kufungua kesi, trastii anaweza kumfuata huyo dada azitapike zile hela, sasa umemsaidia au umemtia matatani?

NEEMA: Kwa hiyo nimwambie nini kesho?

JUMA: Dada yake asubiri. Mama mwenyewe achukue agrimenti ya ploti, na makaratasi ya mchezo, ule upatu wa kuchangishana hela, kama anacheza, apeleke yote kwa wakili kabla hajajaza fomu hata moja.