Walimu Wawili, Kipindi Kimoja

Walimu wenzangu wa Dodoma, ushirikiano na shule ya nje mara nyingi hufa mapema, kwenye andalio la somo, kabla ya nauli na viza. Mkiandika tu "walimu watasaidiana", mmoja atafundisha na mwenzake atakuwa mgeni rasmi.

Chukueni vipindi viwili mfululizo vya Jiografia, dakika 80, mmoja yuko hapa, mwingine Hamburg, Ujerumani, kwenye projekta. Dakika 10 za kufungua ni za mwenyeji, 20 za mwenzake. 35 ni za vikundi: wa hapa anazunguka, wa kule anajibu maswali. 15 zilizobaki wanafunzi wanasoma walichopata. Jina la mwalimu liandikwe kando ya kila hatua. Mtandao ukikatika, wa hapa ashike zamu ya mwenzake bila kusita.

Saa huwaumbua wengi. "Saa nane" yetu ukiitafsiri kavukavu, mwenzako atakungoja asubuhi. Andika 14:00, taja na mji. Ujerumani hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadili: 14:00 ya Dodoma ni 12:00 Hamburg mwezi Januari, ila 13:00 mwezi Mei.

Kazi ya pamoja iwe ya kupima. Mimi napendelea mvua. Kata shingo ya chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ipindue mdomoni mwa chupa iwe faneli. Kitako kina mabonde, kwa hiyo mimina maji hadi pale ubavu unaponyooka. Hapo ndipo sifuri. Iwekwe wazi, mbali na paa na miti, isomwe kila siku saa 3 asubuhi. Jua letu hukausha yale maji ya sifuri, kisha mvua ya milimita 4 inasomeka 2. Baada ya kila kusoma, yarudishwe kwenye alama. Anzeni Januari. Mvua yetu ni ya Desemba hadi Aprili. Mkianza Julai, watoto wataandika sifuri mwezi mzima. Sifuri nayo ni takwimu, lakini jaribuni kumweleza hivyo mwanafunzi wa kidato cha pili siku ya ishirini.

Kipindi kikiisha, msiagane. Kaeni dakika 15 mlijadili somo, kama wafanyavyo walimu wa Japani katika utafiti wa somo, yaani kuchambua pamoja somo lililofundishwa: mzungumzie wanafunzi walikwama wapi, mwalimu aachwe kando. Rekebisheni andalio hapohapo, simu ikiwa bado hewani.